Dawa mpya ya nagana isije ikafia kwenye pakiti ya zamani

Pakiti ya diminazini, dawa ya nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, ni ndogo, inaenea kiganjani. Ndani mna unga wa njano: gramu 1.05 za dawa yenyewe, na kilichobaki ni kiungo cha kuifanya isiharibike upesi ikishatiwa maji. Unaiyeyusha kwa mililita 12.5 za maji safi, unavuta kwa bomba la sindano, unachoma ndani ya msuli. Dozi yake ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Ukigawanya, pakiti moja inamtosha ng'ombe mmoja wa kilo 300, basi.

Jioni moja, upande wa Handeni, nilisimama zizini kwa mjomba wangu nikimwangalia akigawa pakiti moja kwa ng'ombe wawili. Kazi yenyewe aliifanya kwa uangalifu wote wa mtu anayewapenda wanyama wake: maji ameyachemsha na kuyapoza, sindano ameisafisha, shingo ya mnyama anaipapasa kwanza kabla ya kuchoma. Nikamuuliza, "Mjomba, huyu dume peke yake si anamaliza pakiti nzima?" Hakuinua kichwa. "Mjomba wee, nimenunua pakiti nne. Wanaoumwa ni saba. Nimwache nani?"

Kwa miaka kadhaa sasa nafuatilia habari za dawa mpya za nagana, na kila ninaposoma, swali lile hunirudia. Watafiti wamepata molekuli zenye matumaini ya kweli, jambo ambalo halijatokea kwa zaidi ya miaka 60. Nataka dawa hizo zije, tena zije upesi. Ila naona tunazisubiri vibaya. Tunazisubiri kama mvua, tukitazama juu, wakati chini shamba halijalimwa. Dawa mpya ikiingia kwenye soko hili hili, kwa pakiti hii hii, bila kipimo na bila anayefidia bei, itaharibika kama zilivyoharibika za zamani, na safari hii huenda ikaharibu na dawa ya binadamu.

Msomaji wa mjini pengine hajapata kumwona ng'ombe wa nagana. Huanza na homa inayokuja na kuondoka. Kisha mnyama anakonda huku anakula. Manyoya yanasimama, ufizi na ndani ya kope panakuwa peupe kwa kupungukiwa damu, tezi za mbele ya bega zinavimba. Maziwa yanakatika, mwenye mimba anaitupa. Anaweza kwenda hivyo miezi, akibaki nyuma ya kundi kila siku hatua chache zaidi, mpaka asubuhi moja mnajaribu kumwinua kwa mkia na hasimami. Jina nagana limetoka kwa Wazulu. Ni huko Zululand ambako David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alitumwa mwaka 1894, akaviona kwenye damu ya ng'ombe vile vimelea vinavyojinyonganyonga kama samaki mkunga, na akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevibeba. Kwetu wafugaji wengi husema tu ndorobo, wakimaanisha inzi na ugonjwa wake kwa pamoja.

Vimelea vinavyowamaliza zaidi ng'ombe ni viwili, Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax. Yupo wa tatu, Trypanosoma brucei, ambaye kwa ng'ombe hana makali sana, lakini nitamrudia kwa sababu yeye ana jambo na binadamu. Makadirio ambayo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiyataja ni ng'ombe milioni 3 wanaokufa kila mwaka barani Afrika, na dozi karibu milioni 35 za dawa zinazochomwa kila mwaka kujaribu kuzuia vifo vingine.

Kwa nini dawa, kwa nini isiwe chanjo? Chanjo imetafutwa, na sana. Mwaka 1973 Nairobi ilianzishwa maabara ya kimataifa, ILRAD, ambayo baadaye iliingia katika ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kwa shabaha kubwa mbili: chanjo ya nagana na chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Ndigana kali angalau ina chanjo inayotumika, ile iliyoasisiwa Muguga, Kenya, ambayo mnyama hupewa vimelea hai pamoja na sindano ya tetrasaiklini ya muda mrefu. Nagana imegoma. Kimelea chake huvaa kanzu ya protini ya aina moja mwili mzima. Kinga ya ng'ombe inaisoma kanzu hiyo, inaandaa silaha, na kabla haijamaliza kazi baadhi ya vimelea wameshavaa kanzu nyingine. Kabati la kanzu hizo lina jeni zaidi ya elfu moja. Ndiyo maana homa ya nagana huja na kuondoka: kila wimbi ni kanzu mpya.

Inzi mwenyewe naye anaweza kupigwa, na Unguja ni ushahidi. Kati ya 1994 na 1997 madume ya mbung'o milioni 8.5, waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, walimwagwa kutoka angani, majike yakapandwa bila kuzaa, na kisiwa kikasafika. Naipenda sana kazi ile, na ningependa kila mtoto wa shule aijue. Ila Unguja ina bahari ya kuilinda. Handeni haina bahari. Ukimmaliza inzi wa hapa, wa pori la jirani anakuja. Kwa hiyo mfugaji wa bara, akiamka asubuhi na mnyama amelala, tegemeo lake ni pakiti.

Na pakiti hizo ni za lini? Homidiamu iliingia mwaka 1952. Diminazini mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Isometamidiamu, ile nyekundu ambayo wafugaji huipenda kwa kuwa inakinga kwa miezi miwili mitatu, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya hapo, kimya. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoingia isometamidiamu leo ni babu, na ng'ombe wake anachomwa dawa zile zile. Tena homidiamu bromidi ni kemikali ile ile ambayo maabara za jeni huitumia kutia rangi DNA, na anayeishika pale huvaa glavu kwa sababu inashukiwa kuharibu jeni. Zizini nani ana glavu?

Ilikuwepo na ya nne, kuinapiramini, iliyotangulia zote hizo kwa ng'ombe, mwaka 1950. Ilitumika ovyo, vimelea vikaizoea, na ubaya wake ni kwamba vimelea vilivyoizoea vilikuwa vigumu kwa dawa nyingine pia. Kufikia 1976 ilikuwa imeondolewa kwenye matibabu ya ng'ombe. Kwa hiyo tumeshawahi kuipoteza dawa nzima kwa mikono yetu, na hatukupewa nyingine badala yake.

Kilichotushikilia tangu hapo ni jozi. Wataalamu waliona kwamba kimelea kilichoishinda isometamidiamu mara nyingi bado kinauawa na diminazini, na kinyume chake, wakashauri zipokezane: tumia hii kwa muda, kisha ile ikasafishe kilichobaki. Ni ushauri mzuri, na ulifanya kazi kwa miaka mingi. Lakini tangu miaka ya 1990 katika bonde la Ghibe, Ethiopia, wamepatikana ng'ombe wenye vimelea visivyokufa kwa dawa yoyote kati ya zote tatu. Usugu umeripotiwa katika nchi zaidi ya 15, kutoka kusini magharibi mwa Burkina Faso hadi mashariki mwa Zambia.

Nusu dozi inafanyaje ubaya huo? Damu ya ng'ombe mgonjwa ina vimelea mamilioni kwa mamilioni, na havifanani. Vipo vinavyokufa kwa dawa kidogo, vipo vinavyohitaji nyingi. Ukichoma kidogo unaua vinyonge, mnyama anapata nafuu, anarudi malishoni, na waliobaki ndani yake ni wababe watupu. Inzi anakuja anawanyonya hao. Kwa isometamidiamu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hata ukichoma dozi kamili, dawa huisha mwilini polepole. Kimelea kinachoingia wiki ya kwanza kinakutana na ukuta. Kinachoingia wiki ya kumi kinakutana na ua uliooza, kinapita na kujifunza njia. Yaani sifa ile ile inayompendeza mfugaji, ya dawa kukaa muda mrefu, ndiyo shule ya usugu.

Hapo bado hatujagusa ubora. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Togo ulipima diminazini na isometamidiamu zilizokuwa zikiuzwa huko, na takriban asilimia 40 hazikukidhi kiwango. Mimi mwenyewe, katika mji mmoja wa wilaya ambao sitautaja, nimeziona pakiti zimepangwa dirishani jua la saa nane likizipiga, na muuzaji akinieleza kwa nia njema kabisa kwamba anaziweka pale zionekane.

Na bado hatujauliza kama wale saba walikuwa na nagana kweli. Mjomba alitazama kope. Lakini kope nyeupe huletwa pia na ndigana baridi, na minyoo, na kupe wengi, na njaa ya kiangazi. Njia ya kuhakikisha ni kuchukua damu kwenye kijirija chembamba cha kioo, kuizungusha kwa mashine mpaka itengane matabaka, na kutazama kwa hadubini pale kwenye ukanda mwembamba kati ya chembe nyekundu na maji ya damu, ambapo vimelea hujikusanya. Nimewahi kuonyeshwa, unaviona vikitikisa chembe za damu kama samaki anavyotikisa majani ya maji. Ila hadubini huikosa mingi ya maambukizi yenye vimelea wachache, na kutoka zizi la mjomba hadi hadubini iliyo karibu ni safari ya nusu siku. Kwa malaria tuna kipimo cha haraka kila zahanati. Kwa ng'ombe hakuna kipimo kilichozoeleka hivyo kwenye maduka ya dawa za mifugo. Tunachoma kwa kukisia.

Sasa niieleze dawa mpya, kwa sababu inastahili kuelezwa kwa heshima. Iko familia ya kemikali zinazobeba elementi ya boroni, ziitwazo benzoksaboroli. Kampuni ya Anacor ya Marekani, ikishirikiana na GALVmed, taasisi isiyo ya faida yenye makao Edinburgh inayofadhiliwa na serikali ya Uingereza na mfuko wa Gates, ilichuja molekuli nyingi za familia hiyo mpaka ikafika kwenye moja iliyopewa namba AN11736. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba sindano moja ya miligramu 10 kwa kilo iliwaponya ng'ombe wenye T. congolense na wenye T. vivax. Sindano moja. Kwa mtu anayemjua ng'ombe wa porini, ambaye leo yuko hapa na kesho amehamia kwenye maji, neno hilo "moja" ni kubwa kuliko yote mengine.

Namna inavyoua inapendeza. Ndani ya kimelea kuna kimeng'enya kinachoitwa CPSF3, ambacho kazi yake ni kukata na kusawazisha ujumbe wa jeni kabla haujatumika kutengeneza protini. Benzoksaboroli hukiziba. Bila ujumbe uliokatwa sawasawa kimelea hakiwezi kujitengeneza. Na AN11736 huingia ikiwa imefungwa. Mkasi wa kimelea chenyewe, kimeng'enya kingine kabisa, ndio unaoifungua, na ikishafunguliwa inajirundika ndani. Kimelea kinajifungulia sumu kwa mkono wake.

Lakini uzuri huo una mlango wa nyuma. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba vimelea vikifugwa maabara pamoja na dawa kidogo kidogo, hujifunza kuutupa ule mkasi. Bila mkasi, dawa haifunguki ipasavyo, na makali yake yanapungua. Haya yametokea maabara, hayajatokea zizini. Ila lile sharti la "kidogo kidogo" maabara wanalitengeneza kwa makusudi. Sisi tunalitengeneza kila jioni kwa kugawa pakiti.

Kati ya molekuli iliyomponya ng'ombe wa majaribio na chupa iliyoko dukani kuna kazi ndefu: sumu yake kwa mnyama mwenye mimba, siku ngapi mabaki hukaa kwenye maziwa na nyama, namna ya kuitengeneza kwa wingi kwa bei nafuu. Hayo wataalamu wanayajua. Mimi nataka kusimama kwenye jambo moja ambalo nadhani Afrika Mashariki tunapaswa kulisemea sisi, kwa sababu ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote.

Familia hiyo ya boroni imezaa pia dawa ya binadamu. Inaitwa akoziboroli, ni ya malale, yaani ugonjwa wa usingizi ambao mbung'o humletea binadamu, imeendelezwa na DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, na inamezwa mara moja tu, vidonge vitatu kwa mkupuo. Majaribio yaliyofanyika Kongo na Guinea, yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliwaponya asilimia 95 ya wagonjwa wenye ugonjwa uliokomaa. Mtu anayekumbuka kwamba malale ya hatua ya mwisho yalitibiwa kwa melasoprolo, dawa ya aseniki iliyokuwa inaunguza mishipa na kuua baadhi ya waliochomwa, ataelewa kwa nini habari hiyo ilinitoa machozi. Na akoziboroli inampiga kimelea mahali pale pale: CPSF3.

Malale ya Kongo na Afrika Magharibi hupita zaidi kati ya mtu na mtu. Yetu haiko hivyo. Malale ya Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia huletwa na yule wa tatu niliyesema nitamrudia, aina ya T. brucei iitwayo rhodesiense, na makazi yake ni wanyama: wa pori na ng'ombe. Uganda wanalijua hili kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 malale yaliibuka Soroti, ambako hayakuwako, na uchunguzi ukayafuata mpaka mnada wa ng'ombe wa Brookes Corner: wanyama waliuzwa kutoka maeneo yenye ugonjwa, wakaingia na vimelea kwenye damu. Mwaka 2006 serikali na washirika wake waliamua kuwakinga watu kwa kuwatibu ng'ombe, wakachoma wanyama zaidi ya 200,000.

Kwa hiyo kwetu, anayemchoma ng'ombe anakigusa kimelea cha mtu. Zizi na hospitali vinachota kisima kimoja. Ikiwa AN11736 au ndugu yake yeyote atauzwa madukani kama diminazini inavyouzwa leo, T. brucei aliyejificha ndani ya ng'ombe mtulivu, asiyeonyesha dalili, atapata nusu dozi pamoja na wenzake. Atakachojifunza huko anaweza kukileta kwa binadamu. Hakuna anayeweza kusema hilo litatokea lini au kama litatokea. Lakini mtu anayeandika sera huku analijua hilo na asilizungumze, anawatendea vibaya wanakijiji wa Soroti na wa Urambo.

Wapo watakaonijibu kwamba nazuia dawa ya maskini kwa hofu ya jambo la kufikirika. Naiheshimu hoja hiyo. Ng'ombe wa mjomba wanakufa sasa, na hawawezi kungoja mjadala wa wasomi. Sisemi dawa izuiwe. Nasema isije peke yake.

Tulishapita njia hii na malaria. Klorokwini ilikuwa kila duka, kila mama aliijua kwa uchungu wake na kwa mwasho wake, na ikaisha nguvu. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikaingia SP, na SP haikudumu; kufikia 2006 tukaingia dawa ya mseto. Neno hilo mseto limeingia kwenye lugha ya kila siku, na wazo lake mtu yeyote analielewa: dawa mbili zenye njia tofauti za kuua, ili kimelea kinachoiruka moja kinaswe na nyingine. Pamoja na mseto kikaja kipimo cha haraka. Na kwa muda ikaja ruzuku: kati ya 2010 na miaka iliyofuata, mpango wa AMFm ulilipia sehemu kubwa ya bei ya mseto Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar, na dukani tukaitambua kwa jani la kijani kwenye boksi. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, lakini mtu alikwenda duka la kawaida na kununua dawa sahihi, kipimo kizima, kwa bei ya dawa mbovu. Mambo hayo matatu, mseto, kipimo na ruzuku, yalijifunzwa kwa watoto waliokufa. Sioni kwa nini ng'ombe waanze tena darasa la kwanza.

Kwa nagana, mseto ungemaanisha dawa mpya isajiliwe tangu mwanzo ikiwa imefungwa pamoja na mwenzake wa familia nyingine, angalau katika maeneo ya malale ya rhodesiense. Itaongeza gharama na miaka ya majaribio. Nakubali gharama hiyo. Tanzania ina nafuu moja ambayo watu hawaioni: TMDA husajili dawa za binadamu na za mifugo chini ya paa moja, na Uganda vivyo hivyo kwa NDA yao. Kenya hizo ni ofisi mbili tofauti. Mahali ambapo meza ni moja, ni rahisi kumwuliza mwombaji wa leseni: dawa hii ya ng'ombe ina ndugu gani hospitalini, na mpango wako wa kumlinda ni upi?

Fedha ndizo mzizi, na hapa lazima niseme wazi. Dozi milioni 35 kwa bei ambayo imekuwa ikikadiriwa kuzunguka dola moja ni soko la dola milioni 35 kwa mwaka, limegawanyika katika nchi zaidi ya 30, na wanunuzi ni kina mjomba. Kwa kampuni kubwa hilo si soko. Linganisha na mbwa wa Ulaya na Marekani: kuanzia 2013 hadi 2018 walipata dawa nne mpya za familia moja dhidi ya viroboto na kupe, kutoka kampuni nne tofauti. Siwaonei wivu mbwa wale. Lakini zile nne ndani ya miaka mitano, zikiwekwa kando ya sifuri ndani ya miaka 60, zinaonyesha kwamba sayansi ipo na hufuata mwenye pochi.

Ipo historia inayonipa moyo. Ivermektini iliingia sokoni mwaka 1981 kama dawa ya mifugo, na mauzo yake kwa wafugaji wa nchi tajiri yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1987 kampuni ya Merck iliyoitengeneza iliahidi kuitoa bure kwa upofu wa mtoni kwa muda wote itakapohitajika. Ng'ombe na farasi wa ng'ambo waliwalipia watu wetu macho yao. William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2015. Ikiwa ng'ombe waliweza kuwalipia watu, basi fedha za afya ya watu zinaweza kuchangia sindano ya ng'ombe mahali ambapo ng'ombe huyo amebeba malale. Wizara ya afya ikiona sindano hiyo kama kinga ya binadamu, hesabu nzima inabadilika, na ruzuku haiwi sadaka kwa mfugaji.

Wakati tunasubiri, kuna kazi ya kufanya ambayo haihitaji molekuli yoyote. Hatuna ramani inayomwambia afisa mifugo wa wilaya kwamba hapa diminazini bado inaua na kule haiui. Taasisi ya mbung'o ipo Tanga, Kenya wana Muguga, Uganda wana Tororo. Tororo ndiko ilikokuwa EATRO, taasisi ya utafiti wa malale na nagana ya Afrika Mashariki nzima, na mpaka leo maabara za Ulaya hufuga vimelea vyenye jina la EATRO mbele ya namba zao, vilivyokusanywa huku miongo mingi iliyopita na kugandishwa. Dunia inajaribu dawa mpya juu ya vimelea vya babu zetu. Vinavyotakiwa sasa ni vya leo, kutoka kwa ng'ombe ambao dawa imewashinda, na watu wa kuvikusanya tunao.

Na kuna jambo la kilo. Asubuhi ya pili kule Handeni nilimwomba mkaza mjomba utepe wake wa cherehani. Tukampima kila ng'ombe mgonjwa mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, na kusoma uzito kwenye jedwali la ng'ombe wa kienyeji. Dume alikuwa na kilo 310. Mtamba mdogo kabisa alikuwa na 150. Wote saba pamoja walifika kilo 1,610. Tukapiga hesabu juu ya gunia: walihitaji pakiti tano na nusu. Jana yake dume alikuwa amepata chini ya nusu ya dozi yake, na mtamba, kwa nusu pakiti ile ile, alikuwa amepata dozi kamili bila kukosea hata tone.

Mjomba aliitazama ile namba kwa muda. Alikuwa amelala usiku kucha akiamini amepungukiwa pakiti tatu. Alikuwa amepungukiwa moja na nusu, na bei yake alikuwa nayo mfukoni.